Tanbihi kwenye makala za WordPress: njia nne, na ipi ikufae

Umeandika makala kuhusu Vita vya Majimaji. Umesema Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na unajua kuna msomaji atakayeuliza umeyatoa wapi hayo. Chanzo ukikibana ndani ya sentensi, sentensi inalemaa. Usipokiweka kabisa, makala inabaki kuwa maneno ya mtu. Tanbihi, yaani maelezo ya pembeni yanayoitwa kwa namba, ndiyo njia, lakini kwenye WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, njia yenyewe ina vichochoro vingi, na wengi hushika cha kwanza wanachokutana nacho. Kubadili baadaye, makala zikishafika mia, ni kazi ya machozi.

Hapa naziweka nne bega kwa bega. Ya kwanza ni tanbihi za WordPress yenyewe, zilizoingia na toleo la 6.3 mwezi Agosti 2023. Hizi huhitaji kusakinisha chochote. Ya pili ni plagini (programu ya nyongeza unayoisakinisha kwenye WordPress) ya Footnotes Made Easy, ambayo unaandika tanbihi ndani ya mabano mawili mawili na yenyewe inazipeleka mwisho wa makala. Ya tatu ni plagini ya Modern Footnotes, inayoifungua tanbihi palepale msomaji alipo. Ya nne ni kuandika HTML (lugha ya kurasa za tovuti) kwa mkono, bila plagini wala bloku (vipande vinavyojenga makala kwenye kihariri cha WordPress).

Saraka ya WordPress.org ina plagini nyingine za kazi hii, lakini ukizichungulia ndani utakuta nyingi ni ndugu wa mojawapo ya hizi nne. Ukielewa hizi, nyingine utazipima mwenyewe.

Chini ya ukurasa au mwisho wa makala?

Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1776 mwanafalsafa David Hume alimwandikia mchapishaji William Strahan kulalamikia jinsi historia ya Roma ya Edward Gibbon ilivyochapwa. Tanbihi zilikuwa zimerundikwa mwisho wa juzuu: unaona namba, unafunua makaratasi mpaka nyuma, unafika, kumbe ni jina la kitabu tu. Hume alitaka vyanzo hivyo viwekwe pembeni au chini ya ukurasa uleule.

Kwenye tovuti ukurasa hauna chini. Makala ni mkanda mmoja mrefu, kwa hiyo tanbihi ya chini na tanbihi ya mwisho zinakuwa kitu kimoja, isipokuwa pale plagini inapoifungua tanbihi karibu na namba yake. Ndiyo maana kabla ya kuchagua plagini inafaa ujiulize tanbihi zako zimebeba nini.

Kuna tanbihi za chanzo: kitabu, ukurasa, namba ya sheria, namba ya hadithi. Wengi hawazifungui, ila lazima ziwepo, zisomeke zikiwa zimekusanyika mahali pamoja, na zitoke mtu akichapa makala kwenye karatasi. Halafu kuna tanbihi za ufafanuzi. Ukichapisha shairi la Kimvita lenye neno “mato”, msomaji wa Mwanza anahitaji kujua sasa hivi kuwa hayo ni macho. Hatateremka beti thelathini kwenda kusoma neno moja kisha apande tena kutafuta alipoachia. Tanbihi ya namna hii ikikaa mbali ni sawa na kutokuwepo.

Ninavyozipima

Nimetumia vigezo vitano: urahisi wa kuandika, hali ya msomaji mwenye simu, mahali tanbihi inapohifadhiwa, namba na marudio, na matunzo ya muda mrefu. Vyote vina uzito, ila cha tatu ndicho watu hukisahau, na ndicho kinachouma zaidi siku ya kuhama. Nitakaa nacho muda mrefu kidogo.

Kuandika

Tanbihi za WordPress yenyewe: unaweka kishale mahali unapotaka namba, unabofya mshale wa chaguo zaidi kwenye upau wa aya, unachagua “Footnote”. Namba inatokea, na kishale kinaruka chini kwenye orodha ili uandike. Ukiongeza tanbihi mpya katikati, namba zote zinajipanga upya. Ni rahisi kujifunza; hata mwandishi mgeni kabisa utamwonyesha kwa dakika mbili. Kero yake ni ule mruko. Kila tanbihi inakutoa kwenye sentensi uliyokuwa nayo na kukupeleka chini, na mwenye mawazo yanayokimbia anachoka. Pia zinapatikana kwenye kihariri cha bloku pekee. Kama tovuti yako bado iko kwenye kihariri cha zamani, au kurasa zako zinajengwa kwa Elementor (plagini ya kujengea kurasa), kitufe hicho hutakiona.

Footnotes Made Easy: unaandika hivi, ukiacha nafasi kabla ya mabano:

Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwaka 1905. ((Hapa chanzo na ukurasa.))

Basi. Hakuna kitufe cha kutafuta wala mruko. Tanbihi inazaliwa pamoja na sentensi yake, na unaweza kuandika makala nzima kwenye Word, kwenye simu ndani ya basi, au kwenye barua pepe ya kujitumia mwenyewe, kisha ukaibandika kama ilivyo. Kwa mtu anayeandika nje ya WordPress, sijaona njia nyepesi kuliko hii.

Wanaoendesha tovuti za dini ya Kiislamu wasimame hapa kidogo. Maandishi mengi ya dini, ya Kiarabu na ya Kiswahili, hufunga maneno ya hadithi kwa mabano mawili mawili. Sakinisha plagini hii kwenye tovuti ya namna hiyo na matini ya kila hadithi itang'olewa kwenye makala na kupelekwa mwisho kana kwamba ni tanbihi, ikiacha kinamba kidogo mahali pake. Plagini inaruhusu kubadili alama za kufungua na kufunga kwenye mipangilio, kwa hiyo chagua alama ambazo hazitumiki kwenye maandishi yako kabla hujaandika tanbihi ya kwanza. Ukizibadili baadaye, tanbihi zilizoandikwa kwa alama za zamani zitabaki wazi kwenye makala. Tahadhari hiyohiyo inawahusu wanaofundisha kuprogramu, maana mabano pacha ni kitu cha kawaida kwenye misimbo.

Modern Footnotes: mtindo ni uleule wa kuandika ndani ya sentensi, ila kwa msimbo mfupi: [mfn]maelezo[/mfn]. Hauwezi kugongana na hadithi wala na hesabu. Kwenye kihariri cha bloku kuna kitufe chake pia, kwa wasiopenda kuandika alama.

Plagini hizi mbili zina mtego mmoja. Ukisahau kufunga tanbihi na mbele yake kuna nyingine, kila kilichoko katikati kinamezwa hadi kwenye alama ya kufunga inayofuata. Aya nzima inaweza kupotea machoni ukadhani umeifuta. Makala ikionekana fupi kuliko ulivyoiandika, anza kwa kutafuta alama isiyofungwa.

HTML kwa mkono: unaandika mwenyewe namba, kiungo cha kushuka na kiungo cha kurudi.

<sup id="majimaji-r1"><a href="#majimaji-t1">1</a></sup>

Na kule mwisho:

<p id="majimaji-t1">1. Chanzo chenyewe. <a href="#majimaji-r1">Rudi</a></p>

Neno “majimaji” si pambo. Ukiandika r1 na t1 tupu kwenye kila makala, halafu ukurasa wa mwanzo ukaonyesha makala tatu nzima kwa pamoja, msomaji akigusa tanbihi ya makala ya tatu atajikuta kwenye tanbihi ya makala ya kwanza. Kila makala iwe na kiambishi chake. Kwa tanbihi tatu au nne kazi hii haina shida. Kwa thelathini, siku mhariri atakapokuambia uongeze moja kati ya ya pili na ya tatu, utajua hujui.

Msomaji mwenye simu

Wasomaji wetu wengi wako kwenye simu, kwa hiyo usipime tanbihi kwenye kompyuta yako ya mezani ukaridhika.

Tanbihi za WordPress yenyewe na za HTML hufanya kazi kwa viungo vya kawaida: gusa namba ushuke, gusa kishale au neno la kurudi ili upande tena juu. Hazihitaji JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari), kwa hiyo kivinjari chochote kinazimudu, hata kwa mtu anayebania bando. Footnotes Made Easy nayo iko kundi hilo, kwa sababu orodha yake ya mwisho ni viungo vya kawaida. Ina pia chaguo la vidirisha vinavyoibuka, lakini hilo ni nyongeza unayoweza kuliacha.

Tatizo la njia hizi tatu ni menyu inayoganda juu ya skrini. Msomaji akigusa namba, kivinjari kinaipeleka tanbihi juu kabisa, na menyu inaifunika. Anachoona ni tanbihi inayofuata, anadhani umekosea namba. Tiba yake ni mstari mmoja wa CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) kwenye tanbihi na kwenye namba zenyewe: scroll-margin-top: 90px, au kipimo chochote kinachozidi kidogo urefu wa menyu yako. Mandhari (theme) nyingi za WordPress hazikuwekei, kwa hiyo kagua mwenyewe.

Modern Footnotes ndiyo inayong'ara hapa. Kwenye kompyuta tanbihi hufunguka kama kidirisha kando ya namba. Kwenye simu inajikunjua chini ya mstari uleule, msomaji anasoma, anaifunga, anaendelea. Hume angefurahi. Ila inategemea JavaScript. Kivinjari cha Opera Mini kikiwa kwenye hali yake ya kubana data kabisa, ukurasa hupikwa kwenye seva na msomaji akaletewa matokeo, na vitu vya kufungua na kufunga vinaweza kugoma. Kinga ipo: plagini ina chaguo la kuonyesha orodha yote mwisho wa makala. Haiji yenyewe, inabidi uiwashe. Mimi ningeiwasha siku ya kwanza, kwa sababu orodha hiyo ndiyo itakayomfaa pia anayechapa makala kwenye karatasi.

Ukubwa wa namba ni shida ya zote nne. Mwongozo wa ufikivu wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023 unataka kitu cha kugusa kiwe na angalau pikseli 24 kwa 24, lakini viungo vilivyo ndani ya sentensi vimesamehewa. Kwa hiyo tovuti yako inaweza kufaulu mtihani na bado mzee mwenye kidole kinene akashindwa kuigusa namba. Ongeza nafasi ya pembeni kidogo kwa CSS, au zungushia namba mabano.

Mabano yana faida nyingine. Makala za Kiswahili husafiri sana kwa kunakiliwa na kubandikwa kwenye makundi ya WhatsApp, na huko namba ndogo ya juu hushushwa ikawa tarakimu ya kawaida. “Mwaka 1905” yenye tanbihi ya kwanza inageuka “mwaka 19051”. Nimewahi kuona watu wakibishana juu ya tarehe ambayo haikuwahi kuandikwa na mtu. Footnotes Made Easy inakuruhusu kuongeza mabano kuzunguka namba, au kutumia herufi na namba za Kirumi badala ya tarakimu, na mabano hayo yanakwenda pamoja na maandishi yakinakiliwa. Kwa HTML ya mkono unayaandika mwenyewe. Kwa tanbihi za WordPress yenyewe, mabano unaweza kuyachora kwa CSS, lakini kinachochorwa kwa CSS kwa kawaida hakinakiliki. Huko dawa ni kuweka namba baada ya nukta au mkato, kamwe si baada ya mwaka.

Tanbihi inakaa wapi

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kabisa, ingawa kwa msomaji zinaweza kufanana.

Tanbihi za WordPress yenyewe hazikai ndani ya makala. Ndani ya makala kuna namba tu, pamoja na alama ya bloku isiyo na kitu ndani. Maneno ya tanbihi yamehifadhiwa pembeni kwenye hifadhidata, kwenye taarifa za ziada za chapisho, chini ya jina “footnotes”. Ni mpangilio nadhifu, na una uzuri wake: ukiifuta bloku ya orodha kwa bahati mbaya, maneno hayajafutika, rudisha bloku yatatokea. Ukihamisha tovuti kwa zana ya WordPress ya kutoa na kuingiza, taarifa hizo zinasafiri pamoja na makala.

Lakini ukinakili makala kutoka mwonekano wa msimbo na kuibandika kwenye tovuti nyingine, utapata namba bila maneno. Mshirika wako akiomba “nitumie ile makala niichapishe kwetu”, hakikisha unamtumia na tanbihi. Na jambo ambalo wachache huligundua: utafutaji wa kawaida wa WordPress hupekua kichwa, muhtasari na mwili wa makala, haupekui taarifa za ziada. Jina la mwandishi uliyemtaja kwenye tanbihi pekee halitapatikana mtu akilitafuta kwenye tovuti yako. Kwa blogu ya kawaida hilo si kitu. Kwa tovuti ya utafiti ambayo watu huja kutafuta vyanzo, ni pengo kubwa.

Footnotes Made Easy inaacha kila kitu ndani ya makala, kama ulivyoandika. Utafutaji unazikuta. Ukinakili makala, tanbihi zinakuja nayo. Na siku ukizima plagini, au ikigoma baada ya sasisho, msomaji ataona maelezo ndani ya mabano mawili mawili katikati ya sentensi. Si sura nzuri, lakini inasomeka, na mtu asiyejua anaweza hata kudhani ndivyo ulivyokusudia.

Modern Footnotes nayo inahifadhi ndani ya makala, na faida za utafutaji na kunakili ni zilezile. Tofauti inaonekana plagini ikizimwa: kila tanbihi inajitokeza ikiwa na [mfn] mbele na [/mfn] nyuma. Makala yenye tanbihi arobaini inakuwa kichaka. Habari njema ni kwamba alama hizo ni za kipekee, hazipatikani kwenye maandishi ya kawaida, kwa hiyo kuzibadilisha zote kwa mpigo ni rahisi na salama: fundi wako ataendesha amri ya kutafuta na kubadilisha kwenye hifadhidata, baada ya kuweka nakala rudufu, na kazi itakwisha kabla chai haijapoa. Kwa mabano pacha amri hiyohiyo ni ya hatari zaidi, kwa sababu haiwezi kujua lipi ni tanbihi na lipi ni bano la kawaida.

HTML ya mkono haina wa kumtegemea. Hakuna plagini ya kufa, hakuna toleo la kusubiri. Ukihama WordPress kabisa na kwenda kwenye mfumo mwingine, tanbihi zinaondoka nawe zikiwa nzima, namba na viungo vyake.

Namba, marudio na urefu

Ukitaja kitabu kilekile mara sita, Footnotes Made Easy inaweza kuunganisha tanbihi zinazofanana neno kwa neno zikawa namba moja, au ukairejelea tanbihi ya nyuma kwa kuandika ((ref:1)). Kati ya hizi nne ndiyo inayokupa uhuru mkubwa zaidi wa aina za namba na marudio. Modern Footnotes inakuruhusu kuipa tanbihi namba unayoitaka wewe, na kwa hilo unaweza kufanikisha marudio, ila kwa kujipangia mwenyewe. Tanbihi za WordPress yenyewe hazina kitufe cha kurudia namba. Kila tanbihi ni mpya. Kwa mkono unafanya utakalo, na unalipa kwa jasho.

Kuhusu urefu, tanbihi za WordPress yenyewe zinakubali maandishi mazito, ya mlalo na viungo, lakini zimekusudiwa kuwa aya moja moja. Modern Footnotes ikipewa tanbihi ya aya tatu, kidirisha kinakuwa ukuta mbele ya msomaji. Tanbihi ndefu namna hiyo, kusema kweli, ilitakiwa kuwa sehemu ya makala.

Kichwa cha orodha nacho kina mambo yake. Tanbihi za WordPress yenyewe hazikuwekei. Unaongeza bloku ya kichwa juu yake na kuandika “Tanbihi” au “Marejeo”. Footnotes Made Easy ina sehemu ya kukiandika mara moja kwenye mipangilio kikatokea kila mahali.

Matunzo

Kila plagini ni mlango mmoja zaidi wa kulinda. Kabla ya kusakinisha, fungua ukurasa wake kwenye saraka ya WordPress.org uone ilisasishwa lini na imejaribiwa na toleo gani. Saraka yenyewe huweka onyo juu ya plagini ambayo haijajaribiwa na matoleo makubwa matatu ya karibuni. Onyo hilo lichukulie kwa uzito. Tanbihi za WordPress yenyewe husasishwa pamoja na mfumo, na HTML haihitaji sasisho lolote. Kwa upande wa uzito, Modern Footnotes hubeba JavaScript na CSS zake, na Footnotes Made Easy ukiiwashia vidirisha inaongeza hati zake pia. Si mzigo wa kuangusha tovuti, lakini kwa msomaji anayenunua bando la siku, kila kilobaiti ni ya kwake.

Na walio kwenye mpango wa bure wa WordPress.com hawana haja ya kuumiza kichwa na plagini, kwa sababu mpango huo hauruhusu kuzisakinisha. Kwao uchaguzi ni kati ya tanbihi za mfumo wenyewe na HTML.

Kwa hali yako

Blogu ya mtu mmoja, makala za kawaida, tanbihi mbili tatu za vyanzo kila makala: tanbihi za WordPress yenyewe zinatosha. Rekebisha menyu isizifunike, weka kichwa cha orodha, endelea na kuandika. Ndivyo ilivyo pia kwa chumba cha habari chenye waandishi wengi wanaokuja na kuondoka, kwa sababu hakuna alama ya kuwafundisha wala ya kusahau kufunga.

Uchambuzi wa sheria, ambapo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inatajwa kila baada ya aya, na msomaji ni wakili anayechapa makala na kuiweka kwenye faili: Footnotes Made Easy, kwa sababu ya kuunganisha marudio, na kwa sababu vyanzo vitapatikana kwenye utafutaji. Weka mabano ya mraba kuzunguka namba. Tovuti za historia na za taasisi za utafiti ziko kapu hilihili.

Mashairi ya zamani, masimulizi yenye lahaja, mafunzo ya lugha kwa watoto waliokulia Ulaya au Ghuba, na kila mahali ambapo tanbihi ni msaada wa kusoma papo hapo: Modern Footnotes, orodha ya mwisho ikiwa imewashwa. Tanbihi ziwe fupi. Kama baadhi ya wasomaji wako hupokea makala kwa barua pepe, jitumie moja kwanza, kwa sababu vidirisha havifanyi kazi huko, na hata viungo vya kuruka mara nyingi hugoma.

Tovuti ya mafundisho ya dini yenye hadithi ndani ya mabano pacha: ama Modern Footnotes, ama tanbihi za mfumo, ama Footnotes Made Easy iliyobadilishwa alama tangu mwanzo. Kinachoamua ni kama namba ya hadithi inamtosha msomaji akiwa mwisho wa makala au anaihitaji palepale.

Waraka mmoja mkubwa unaotarajiwa kukaa miaka bila kuguswa, kama ripoti ya jumuiya au historia ya ukoo, nautazama tofauti. Huo ningeuwekea HTML ya mkono, tanbihi zikiwa zimeshahesabiwa na mhariri ameshamaliza kazi yake. Hautapokea tanbihi mpya, kwa hiyo adha ya kupanga namba upya haipo, na hata tovuti ikibadilishwa mfumo mara mbili, viungo vyake vitaendelea kufanya kazi.

Na kama tayari una makala mia kwenye plagini moja na inafanya kazi, usihame kwa sababu ya kusoma ulinganisho. Andika makala mpya moja kwa njia unayoitamani, iangalie kwenye simu ya bei nafuu, inakili uibandike WhatsApp, ichape kwenye karatasi. Ikipita hapo ndipo uzungumze na fundi kuhusu zile mia, nakala rudufu ikiwa mkononi.